Kabla ya kununua sarafu mpya ya kripto, jiulize nani anakuuzia

Swali la msomaji: "Nilianza na dola 600. Sarafu mpya ya kwanza niliyoinunua mara tu ilipofunguliwa sokoni ilinipa faida ya dola 90, ya pili dola 140. Ya tatu nikaweka zote 830. Skrini ilionyesha senti 80, nikabonyeza 'nunua', nikakuta nimenunua kwa wastani wa dola 1.12. Chati ikagusa 1.30, nikasubiri ifike 2, ikaporomoka. Baada ya dakika 40 nikauza kwa senti 47 na kubaki na dola 348. Nilichelewa kununua au nilichelewa kuuza? Wiki ijayo kuna nyingine inaorodheshwa. Nafikiria kuingia kwa mkopo wa mara kumi nirudishe hela yangu. Kuna mbinu ya kupata faida ya haraka kwenye sarafu mpya, au niachane nazo?"

Jibu:

Pole, ndugu. Wengi hunitumia kilio bila hesabu. Wewe umeleta hesabu, na jibu lako kubwa limo humo humo. Hukuchelewa kununua. Hata huko kuuza hukuchelewa sana. Uliumia katika sekunde ile uliyobonyeza kitufe. Ulikusudia senti 80, ukapewa dola 1.12, yaani asilimia 40 juu ya bei uliyoiona. Kabla sarafu haijashuka hata kidogo, ilibidi kwanza ipande asilimia 40 ndipo urudishe chako tu. Uliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni oda ya soko, yaani agizo la kununua kwa bei yoyote iliyopo.

Ngoja nikuonyeshe kilichotokea. Kitabu cha oda ni orodha ya watu wanaonunua na wanaouza, kila mmoja na bei yake. Sarafu ikiwa na dakika moja tu sokoni, orodha hiyo huwa nyembamba. Tuseme wakati unabonyeza kulikuwa na vipande 60 vinavyouzwa kwa senti 80, vipande 120 kwa senti 95, vipande 260 kwa dola 1.07, kisha vipande 300 kwa dola 1.30. Oda ya soko haina adabu: inameza cha kwanza, kikiisha inapanda cha pili, inapanda hadi hela yako iishe. Piga hesabu: 48, jumlisha 114, jumlisha 278, jumlisha 390. Ni dola 830. Umepata vipande 740 kwa wastani wa 1.12, na ile 1.30 iliyokufurahisha kwenye chati ni mkono wako mwenyewe ulioigusa. Mshumaa, ule mstari wa bei kwenye chati, ulipowaka kijani ukadhani soko linakuunga mkono, kumbe soko lenyewe ni wewe na wenzako mliobonyeza kitufe kimoja kwa wakati mmoja.

Dawa ya hapo ni rahisi, na inashangaza jinsi watu wanavyoikwepa: oda ya kikomo. Unaandika "nataka kwa senti 85, zaidi ya hapo sitaki," na usipouziwa, umebaki na hela yako. Coinbase, soko kubwa la kripto la Marekani, kwa mfano, sarafu mpya nyingi huzipitisha kwanza kwenye kipindi cha oda za kikomo peke yake kabla ya kufungua biashara yote. Soko kubwa likiona haja ya kuwafungia wateja wake kitufe kile kwa muda, wewe unayefanya biashara kwa simu usijione mjanja kulishinda.

Lakini oda ya kikomo inaponya jeraha moja tu. Kuna swali ambalo hukuniuliza, nalo ndilo ningependa ulibebe kila unapoona tangazo la sarafu mpya: anayeniuzia ni nani, naye aliipata kwa bei gani?

Hisa ya kampuni inapoingia sokoni, kwa kawaida wenye kampuni na wakubwa waliotangulia hufungiwa kuuza kwa miezi kadhaa, na taarifa za nani ana kiasi gani huwekwa wazi. Kwenye kripto ufungaji huo upo kwa baadhi ya miradi, kwa mingine haupo, na hata ukiwepo, kuna kundi ambalo mara nyingi halifungwi. Kuna waliopewa tokeni, yaani vipande vya sarafu hiyo, bure kwa kuwa waliwahi kutumia mradi huo, yaani eadropu. Kuna walionunua kwenye masoko yasiyo na msimamizi siku au wiki kabla ya soko kubwa kuitangaza. Kuna watengeneza soko, kampuni zinazokopeshwa tokeni na mradi ili ziweke oda za kununua na kuuza, sarafu isionekane imekufa. Kwa aliyepewa bure, senti 80 ni faida. Senti 47 ni faida. Hata senti 5 ni faida. Wewe wa dola 1.12 unapigana na mtu asiyeweza kushindwa.

Chukua mfano wa Worldcoin, iliyoanza kuuzwa Julai 2023. Tokeni zake kwa jumla zilipangwa kuwa bilioni 10. Siku ya kufunguliwa, zilizoweza kuzunguka sokoni hazikuzidi milioni 143 au karibu na hapo, na kati ya hizo milioni 100 zilikuwa mkononi mwa watengeneza soko, kwa mkopo. Yaani bei iliyotangazwa dunia nzima ilikuwa inaamuliwa na sehemu isiyofika asilimia 2 ya tokeni zote. Sisemi kuna aliyeiba. Mradi uliyaandika hayo waziwazi. Ninachosema ni kwamba ukiona "thamani ya soko" ya sarafu ya namna hiyo, ujue ni kama kupima ndoo ya maji kwa kuonja tone. Na zile zilizobaki zinakuja. Ratiba ya kuzifungua huandikwa kwenye nyaraka za mradi, mara nyingi kundi kubwa la kwanza likiwa baada ya mwaka mmoja, na wewe una uwezo wa kuisoma kwa dakika kumi kabla hujaweka hata dola moja.

Kumbuka pia Internet Computer, ICP. Ilifunguliwa tarehe 10 Mei 2021 kwenye masoko makubwa kadhaa kwa mpigo, ikiuzwa kwa mamia ya dola. Kabla Juni haijaisha ilikuwa chini ya dola 50. Na Januari 2025 ikaja ile sarafu ya Donald Trump: ilitangazwa tarehe 17, ndani ya siku mbili ikavuka dola 70, mwezi uliofuata ikawa chini ya 20. Kati ya tokeni bilioni 1, milioni 200 ndizo zilizotolewa mwanzoni. Asilimia 80 zilibaki kwa kampuni zenye uhusiano naye. Waliofanya faida wapo, tena kubwa. Ila wengi wao waliingia dakika ambazo mimi na wewe tulikuwa bado tunabishana kama tangazo ni la kweli au akaunti yake imedukuliwa.

Si zote hufa. Uniswap, soko la kubadilishana kripto lisilo na msimamizi, ilipogawa tokeni yake Septemba 2020, vipande 400 kwa kila waleti (pochi ya kripto) iliyowahi kuitumia, bei ilipanda ndani ya siku chache hadi ikavuka dola 8. Kufikia mwanzoni mwa Novemba ilikuwa karibu na dola 2, huku waliopewa bure wakiuza. Mei 2021 ilikuwa juu ya dola 40. Aliyenunua siku zile za kelele alikuwa sahihi kuhusu mradi, akaitazama ikishuka wiki saba kwa sababu ya pupa. Aliyesubiri wauzaji wa bure waishe alinunua kitu kile kile kwa robo ya bei. Nimekutajia huu mfano kwa makusudi, kwa kuwa ndio ulio karibu zaidi na kitu ninachoweza kukiita mbinu, na nitaurudia.

Kuna muuzaji mwingine, naye ni aliyejua kabla ya tangazo. Utasikia watu wakisema sarafu fulani "imeanza kupanda" siku moja kabla ya kuorodheshwa. Wakati mwingine ni bahati, wakati mwingine si bahati. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa Marekani walimfikisha mahakamani aliyekuwa meneja wa bidhaa wa Coinbase kwa kuwapa ndugu yake na rafiki siri za sarafu zitakazotangazwa. Walizinunua kabla, wakaziuza baada ya tangazo, wakapata zaidi ya dola milioni 1. Alikiri, na Mei 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Huyo ni aliyekamatwa. Sasa fikiria ni nani aliyekuwa akinunua kutoka kwao kila tangazo lilipotoka.

Tuje kwenye faida zako mbili za kwanza, maana naona ndizo zilizokuharibu kuliko hasara. Ulipata asilimia 15, kisha asilimia 20, kisha ukapoteza asilimia 58. Umeshinda mara mbili kati ya tatu na bado mtaji umepungua kwa dola 252. Hii ndiyo sura ya biashara ya sarafu mpya: ushindi mdogo mdogo unaokuja haraka, halafu pigo moja linalobeba vyote. Hata mtu anayeshinda mara 6 kati ya 10, kila ushindi asilimia 20 na kila hasara asilimia 40, akiweka mtaji wote kila mara, dola zake 1,000 zitakuwa kama 387 baada ya mizunguko hiyo kumi. Anashinda zaidi ya anavyoshindwa, na anafilisika. Mimi mwenyewe iliwahi kunichukua karibu mwaka kuamini hesabu hii, kwa sababu kichwa hukumbuka idadi ya mara ulizoshinda na kusahau ukubwa.

Ndiyo maana ule mkopo wa mara kumi, hapana. Ukikopa hadi biashara yako iwe mara kumi ya hela yako, bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia 10 tu, tena kabla hata ya hapo kwa sababu ya ada na kiwango cha dhamana, soko linafunga biashara yako na kuchukua dhamana. Sarafu mpya hutikisika asilimia 10 ndani ya dakika moja, juu na chini, bila sababu yoyote. Unaweza kuwa sahihi kwamba itapanda maradufu na ukachoma akaunti dakika ya pili, kisha ukaketi ukiitazama ikipanda bila wewe. Na usijidanganye kwamba utageuza na kuuza kwa mkopo ukitarajia ianguke. Kwenye mikataba isiyo na mwisho, yaani ya kubashiri bei bila tarehe ya kuisha, kuna malipo ya mara kwa mara, mara nyingi kila saa 8, baina ya wanaotarajia kupanda na wanaotarajia kushuka. Wote mkiegemea upande mmoja, upande huo ndio unaolipa, na ruko moja la bei linatosha kuwafagia nyote.

Labda utaniambia: basi nihamie kwenye masoko yasiyo na msimamizi, nizikute sarafu kabla hazijafika masoko makubwa. Huko hesabu ni kali zaidi. Kwa kawaida hakuna kitabu cha oda, kuna bwawa lenye vitu viwili, tuseme dola 10,000 na tokeni 1,000,000. Kanuni ya mabwawa ya aina ya kawaida ni kwamba ukizidisha vitu hivyo viwili, jibu libaki lile lile. Bei inaonekana senti 1. Unaingia na dola 1,000. Bwawa sasa lina dola 11,000, kwa hiyo tokeni lazima zishuke hadi 909,091; umepewa 90,909. Umelipa senti 1.1 kwa kila moja, na bei mpya ni senti 1.21. Simu inakuonyesha umepanda! Halafu aliyeanzisha mradi, mwenye mzigo wa bure, anatupa tokeni 200,000 bwawani. Ukiuza zako baada yake, utapata kama dola 683, na hapo sijahesabu ada. Hakuna habari mbaya iliyotoka wala mradi haujafa. Mtu mmoja tu aliuza kabla yako.

Juu ya hayo kuna maroboti. Oda yako ikiwa njiani, roboti inaiona, inanunua mbele yako, inakuacha upandishe bei, kisha inakuuzia mgongoni. Ukiweka ruhusa ya bei kuteleza hadi asilimia 20 "ili oda ipite", umeiandikia roboti hundi ya asilimia 20. Na kuna mikataba, yaani programu zinazoendesha tokeni, iliyoandikwa makusudi ili ununue ila usiweze kuuza. Novemba 2021 tokeni iliyojipachika jina la tamthilia ya Squid Game ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800, chati nzuri ajabu, ya kijani tupu. Ilikuwa ya kijani kwa sababu walionunua hawakuweza kuuza. Kisha waanzilishi wakatoka na hela, bei ikawa karibu na sifuri. Tangu siku hiyo, chati isiyo na mshumaa hata mmoja mwekundu hunitisha kuliko inayoporomoka.

Ukilazimika kucheza huko, angalia kama mwenye mkataba bado ana uwezo wa kuchapa tokeni mpya au kuzuia waleti. Angalia kama ukwasi wa bwawa, yaani hela na tokeni zilizomo, umefungwa usiweze kutolewa, na kwa muda gani. Angalia waleti kumi za juu, ukiondoa bwawa lenyewe, zina asilimia ngapi. Kisha nunua kwa dola 5 na ujaribu kuziuza hapo hapo. Jaribio hilo halitoshi, maana baadhi ya mikataba humruhusu mwenyewe kubadili kodi ya kuuza baadaye, lakini litakuonyesha mitego ya kivivu, nayo ni mingi.

Sasa umeuliza mbinu. Kwa dakika za kwanza kabisa sina ya kukupa, na anayekuuzia moja kwenye kundi la kulipia anaishi kwa ada za kundi. Saa ile ni ya mashine na ya wenye mzigo wa bure. Ninachofanya mimi, na ni kidogo, ni kuziacha. Naiacha siku ya kwanza ipite. Naandika bei ya juu na ya chini ya saa 24 za mwanzo. Kisha nasoma ratiba ya kufunguliwa kwa tokeni na kutafuta walipoishia wauzaji wa bure: eadropu imeshachukuliwa kwa kiasi gani, na je, bei imeacha kutengeneza chini mpya hata mauzo yanapoendelea? Ikitulia hivyo kwa siku kadhaa nanunua kidogo kwa oda ya kikomo, na mahali pa kutoka napaandika kabla ya kununua. Mara nyingi hakuna cha kununua. Sarafu inashuka tu, wiki baada ya wiki, na kazi yangu inakuwa kutofanya kitu.

Kuhusu kiasi, sahau asilimia za faida, anzia kwenye hasara unayoweza kulala nayo. Una dola 348. Jiruhusu kupoteza dola 7 kwa biashara moja. Kama mahali pa kukata hasara ni asilimia 20 chini ya bei ya kununulia, basi unanunua kwa dola 35, basi. Utasema ni pesa ndogo. Ndiyo. Na usitegemee kwamba oda ya kukata hasara itakulinda kwa bei uliyoiandika: ikiamka kama oda ya soko kwenye kitabu chembamba, itateleza vile vile ulivyoteleza ukinunua, ukiiwekea kikomo, bei inaweza kuiruka ukabaki nayo mkononi. Mimi ilinitokea kwenye soko moja ambalo sitalitaja: nilikata hasara kwa asilimia 15, nikauziwa kwa asilimia 37. Niliandika barua ndefu ya malalamiko, nikajibiwa kwa upole kwamba oda ilitekelezwa ipasavyo. Na ukweli, ilitekelezwa. Kinga ya kweli ni udogo wa kiasi ulichoingiza.

Upande mwingine, nao watu wengi hawaufikirii, ni kuwa wewe ndiye muuzaji. Kama unatumia mtandao fulani wa kripto kwa shughuli zako halisi na siku moja ukapewa eadropu, uza sehemu siku hiyo ya kwanza bila haya, waachie wenye haraka. Ila madai ya eadropu yapitishe kwenye tovuti rasmi ya mradi tu, uliyoandika anwani yake mwenyewe. Hakuna eadropu inayohitaji maneno yako 12 au 24 ya siri. Anayeyaomba anataka waleti nzima.

Kwa hiyo, ile ya wiki ijayo usiinunue. Ifungulie chati, chukua daftari, andika bei ya kwanza, bei ya dakika ya 1, ya 5, ya 60, ya saa 24 na ya siku 7. Pembeni andika ungenunua wapi na ungetoka wapi, kwa uaminifu, kabla hujajua mwisho. Fanya hivyo kwa sarafu kumi zinazofuatana, usizichague. Ukimaliza, nitumie ukurasa huo kama ulivyonitumia hizi namba, tuone kama kuna kitu cha kufanyia biashara.